Imeili ya Nani? Barua Pepe na Maisha ya Ngulyati

Mtu wa Ngulyati akikuambia "nitumie", hazungumzii barua pepe. Anangoja hela kwenye simu, au picha ya mtoto kwa WhatsApp, au sauti ya shangazi aliyeko Geita akieleza mazungumzo ya mahari yamefika wapi. Ukimuuliza waziwazi kijana aliyemaliza sekondari kama ana imeili, atafikiri kidogo, kisha atakupa jibu linalosikika sana katika vijiji vya Kanda ya Ziwa: "Ninayo, ila iko kwa yule wa steshenari."

Jibu hilo lisipitwe haraka. Ngulyati ni kata ya Wilaya ya Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ni nchi ya pamba, choroko, mtama na ng'ombe, ambako salamu huanza kwa Kisukuma na mambo mengine yote hufuata baadaye. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa mzima ukiwa na watu 2,140,497, wengi wao wakulima. Barua pepe imewafikia watu hawa, tena kwa nguvu, maana leo karibu kila mlango wa serikali unaiuliza. Lakini haikuwafikia kama barua. Imefika kama ufunguo, na ufunguo wenyewe mara nyingi unashikwa na mtu mwingine.

Ili kuelewa ilivyokuwa hivyo, turudi kwanza kwenye S.L.P.

Posta ya Tanzania haikuzoea kumpelekea mtu wa kijijini barua hadi mlangoni. Iliweka masanduku mjini, na asiye na sanduku alitumia la mwingine: la shule, la parokia, la chama cha ushirika, la kiwanda cha kuchambua pamba. Bahasha iliandikwa jina la mtu, chini yake shule, chini yake sanduku, mwisho Bariadi. Mwalimu aliyekwenda mjini kufuata mshahara alirudi na furushi la barua, na kesho yake mstarini majina yalisomwa mbele ya wote. Kilichokuwa cha haraka hakikupitia posta kabisa. Kilipewa kondakta wa basi pamoja na maelezo: ukifika pale njia panda, muulizie fulani. Hata leo bahasha na vifurushi husafiri hivyo.

Kwa hiyo anwani ilikuwa mali ya wengi, na aliyeishika alijulikana. Alikuwa mwalimu mkuu, katekista, karani wa ushirika. Angeweza kuchelewesha barua, na wapo waliofungua zisizowahusu, hasa za wasichana. Lakini alikaa palepale, na sanduku lilibaki na namba yake hata akistaafu. Barua iliyochelewa mwezi mzima bado ilikuwa barua.

Barua pepe ilizaliwa katika mazingira tofauti kabisa. Mwaka 1971 mhandisi Ray Tomlinson, akiwa Cambridge katika jimbo la Massachusetts, alituma ujumbe kati ya kompyuta mbili zilizokuwa chumba kimoja lakini zikiwasiliana kupitia mtandao wa ARPANET. Ni yeye aliyechagua alama ya @ ili kutenganisha jina la mtu na jina la mashine anayotumia. Alama ile ndogo imebeba dhana kubwa: kwamba kila mtu ana mashine yake, au walau meza yake kwenye mashine, na kwamba yeye ndiye anayeifungua asubuhi. Kwa watafiti wa Marekani wa miaka ile dhana hiyo ilikuwa kweli. Na ilikuwa kweli kiasi pia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Chuo Kikuu kilipoingia katika mradi wa ESANET pamoja na vyuo vya Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe, na madaktari walipoanza kupata habari za kitabibu kupitia HealthNet. Ujumbe ulikwenda kwa modemu kwenye laini ya simu ya mezani, na aliyeandika alikuwa mhadhiri au daktari mwenye ofisi.

Kisha ikaja Hotmail mwaka 1996, na sanduku la barua pepe likaacha kufungwa kwenye ofisi. Yeyote aliyefika kwenye kompyuta yenye mtandao aliweza kujifungulia lake bure. Gmail ikafuata mwaka 2004. Dar, Arusha, Mwanza na Zanzibar zilijaa intaneti kafe, ambamo vijana walilipa kwa nusu saa ili kumwandikia kaka aliyeko Uingereza au rafiki wa kalamu wa Norway. Kizazi kile kilijifunza barua pepe kama barua: kilisalimia, kilieleza, kiliaga. Mkonga wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam mwaka 2009, kafe zilikuwa karibu kufa, kwa sababu mtandao ulikuwa unahamia mfukoni.

Vijijini Bariadi enzi hiyo ya kafe ilipita kwa mbali. Walioionja ni wachache waliosoma Mwanza au Dar. Mtandao ulipoenea kwa kweli ulikuja na minara ya simu, na kampuni kama Halotel, iliyoanza kazi nchini mwaka 2015, ikauza huduma yake kwa kwenda kule ambako wengine walisitasita. Basi Ngulyati ilitoka kwenye S.L.P. ikaingia WhatsApp moja kwa moja. Daraja la katikati, lile ambalo mtu hujifunza kuwa na sanduku lake na kulichungulia kila siku, halikujengwa.

Hapo ndipo anwani zikawa mbili, kila moja na kazi yake. Namba ya simu ni ya watu. Kwa namba hupita hela, tangu Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008. Kwa namba hupita habari ya msiba, ya ng'ombe aliyepotea, ya bei ya pamba. Namba haidai kusoma sana; bibi asiyejua kuandika hurekodi sauti kwa Kisukuma safi na mjukuu akaisikia akiwa Dodoma. Hata serikali, inapomtaka mkulima, humtafuta kwa namba: mbolea ya ruzuku ilipoanza kutolewa msimu wa 2022/23, mkulima alisajiliwa na akapata namba yake ya usajili kwa ujumbe mfupi. Hakuna aliyemuuliza imeili.

Mtoto wa mkulima huyohuyo akifaulu kidato cha sita, ndipo barua pepe inapoingia nyumbani. Chukua binti aliyemaliza Mei na anataka chuo. Kwanza cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, kwa mtandao. Kisha aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo, kwa mtandao. Kisha aombe chuo kimoja, viwili, vitatu, kila kimoja na mfumo wake. Akimaliza chuo atafungua akaunti ya Sekretarieti ya Ajira. Akikata tamaa ya ajira na kutaka kusajili jina la biashara, BRELA inamngoja, nayo kwa mtandao. Katika safari hii atajaza fomu baada ya fomu, na imeili itakuwa nafasi isiyorukika: usipojaza, kitufe cha kuendelea hakifanyi kazi.

Anakwenda steshenari. Ni chumba kimoja barabarani chenye kompyuta, printa, mashine ya kutoa kopi na picha za pasipoti ubaoni. Mwenye nayo amezoea. Anauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mtihani, na kwa dakika chache anwani imepatikana, jina la binti likifuatiwa na tarakimu kwa sababu majina ya kawaida yameshachukuliwa zamani. Gmail inadai namba ya simu ili itume tarakimu za uhakiki. Binti amekuja na kitochi kisicho na chaji, au laini aliyonayo ni ya baba na baba yuko shambani. Mwenye duka anaweka namba yake ili kazi isonge. Nyuma kuna foleni. Neno la siri analitunga yeye, mara nyingi kwa mtindo uleule anaowatungia wote ili asisahau. Kisha anafungua kaunta buku na kuandika: jina, anwani, neno la siri. Binti anaondoka na karatasi zilizoprintiwa. Anwani yake inabaki mezani.

Zamani mwalimu angeweza kuchukua barua za wanafunzi wote kwa sanduku moja. Mifumo ya leo hairuhusu hivyo. Imeili iliyotumiwa na kaka haikubaliwi tena kwa mdogo wake. Kwa hiyo ule ushirika wa zamani umebaki, ila umejificha. Badala ya watu hamsini kutumia sanduku moja, watu hamsini wana masanduku hamsini yanayofunguliwa na mkono mmoja. Kompyuta zilizo mbali zinaona raia hamsini, kila mmoja na anwani yake, na zinaamini kila mmoja amesoma alichotumiwa.

Kuanzia hapo mambo hukwama kwa njia ambazo mtu wa mjini hazifikirii. Mwaka mmoja baadaye binti anataka kuingia akaunti yake ya mkopo na amesahau neno la siri. Mfumo unampa kiungo kwa barua pepe. Barua pepe inataka tarakimu kutoka kwenye simu ya mwenye steshenari, naye amebadili laini, maana laini isiyotumika hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine kabisa. Au mwenye steshenari amehamia Lamadi kutafuta biashara kubwa. Au hakuna aliyeifungua akaunti ile tangu siku ya kwanza: Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa, na ufutaji ukaanza Desemba mwaka huo. Kwa mtu anayefungua imeili kila asubuhi, sheria hiyo haina uzito. Kwa aliyefunguliwa imeili 2022 kwa ajili ya fomu moja, ni kama posta kubomoa sanduku lake akiwa shambani.

Simu nazo zimeingia katika fumbo hilihili. Simu ya Android inataka akaunti ya Google ndipo ikuruhusu kupakua programu kwenye Play Store, hata WhatsApp yenyewe. Kwa hiyo watu wengi wasiowahi kuandika barua pepe hata moja wana imeili ndani ya simu, waliyofunguliwa na fundi au muuzaji siku ya kununua. Hawaijui. Tangu mwaka 2015 Android ina kinga ya wizi: simu ikifutwa kila kitu bila ridhaa, haifunguki mpaka iwekwe akaunti ile iliyokuwamo. Kinga nzuri dhidi ya mwizi. Lakini mama ambaye mtoto amechezea simu yake hadi ikafutika anasimama mbele ya simu yake mwenyewe kama mwizi, anaulizwa anwani ambayo hajawahi kuijua, na anamlipa fundi aivunje kinga iliyowekwa kumlinda.

Nisingependa msomaji amlaumu mwenye steshenari. Kijana yule, au mara nyingi dada yule, anafanya kazi iliyofanywa na waandishi wa barua waliokaa nje ya posta na mahakama na meza zao na mashine za chapa. Anasoma Kiingereza cha fomu na kukitafsiri kwa Kisukuma kwa baba aliyeleta mtoto. Anajua mfumo upi huwa mwepesi usiku, picha ipunguzwe kiasi gani, cheti kiskaniwe vipi kisikataliwe. Bila yeye, waombaji wengi wa kata kama hii wangeachwa nje. Wasiwasi wangu ni kwamba anabeba dhamana ya karani wa umma bila kutambuliwa wala kufundishwa na yeyote. Ndani ya kompyuta yake kuna nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, matokeo na picha za watoto wa kata nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu wanaokusanya taarifa za watu, na yeye ni mkusanyaji wa kweli. Sidhani kama kuna aliyefika kumweleza hilo mezani pake.

Watumishi wa umma wa kata nao wana habari yao. Mwalimu leo anapata hati ya mshahara kwenye mfumo, anaomba uhamisho kwenye mfumo, anajaza utendaji wake kwenye PEPMIS iliyochukua nafasi ya fomu za OPRAS. Neno la siri likipotea, njia ya kulirudisha hupita kwenye barua pepe. Serikali, kupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao, ina mfumo wake rasmi wa barua pepe wenye anwani za go.tz, na watumishi wametakiwa kuutumia kwa kazi za umma. Hata hivyo agizo kutoka halmashauri kwa kawaida humfikia mtendaji wa kijiji kwa WhatsApp: barua imechapwa, imeprintiwa, imesainiwa, imegongwa muhuri, kisha imepigwa picha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ilishatambua kumbukumbu na saini za kielektroniki, lakini mbele ya wananchi kwenye mkutano wa kijiji, karatasi isiyo na muhuri haina mdomo. Mtendaji anayeprinti ile picha na kuibandika ubaoni anajua anachofanya.

Kuna jambo jingine ambalo huwa halizungumzwi kwa sababu linaonekana dogo. Barua ya Kiswahili ina adabu yake. Unaanza na salamu, unauliza hali ya waliopo, unasema yako, ndipo unaeleza dhumuni. Aliyepokea barua alijiona amekumbukwa. Barua pepe anayopokea kijana wa Ngulyati kwa kawaida imeandikwa na mashine, kwa Kiingereza, haina salamu wala jina la aliyeiandika, na imetoka kwenye anwani isiyopokea majibu. Baba akiambiwa "wamejibu," swali lake la kwanza huwa, "Na wewe umewajibu nini?" Ni vigumu kumweleza kwamba barua hii haijibiwi, kwamba mlango umefunguliwa upande mmoja tu. Mzazi yule ameona kasoro ambayo watengenezaji wa mifumo wameizoea hadi hawaioni.

Pamoja na yote hayo, sikubaliani na wanaotamani bahasha zirudi. Zamani tangazo la kazi lilitoka gazetini Dar es Salaam, gazeti likafika Bariadi likiwa limechakaa, na barua ya maombi ikaondoka kwa posta huku mwisho wa kupokea maombi ukikaribia. Aliyetaka uhakika alipanda basi kwenda Shinyanga, Mwanza au Dar na bahasha yake mkononi, akalala kwa ndugu, akauliza nani anamjua nani. Maskini alishindwa kabla hajasomwa. Leo binti wa Ngulyati na mwenzake wa Mikocheni, Dar es Salaam, wanabonyeza kitufe siku ileile, na mfumo haujui baba wa nani ana gari. Walimu walipoanza kuitwa kwenye usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira mwanzoni mwa 2025, aliyekuwa kijijini aliweza kuona jina lake saa ileile na aliyekuwa jijini, mradi awe na njia ya kuingia kwenye akaunti yake. Haki hiyo ni kubwa, na ndiyo maana inauma inapoponyoka kwa sababu ya tarakimu sita zilizotumwa kwenye simu isiyokuwepo.

Wengi husema dawa ni elimu, watu wafundishwe. Nakubali sehemu. Somo la kompyuta shuleni linaweza kuanza na jambo moja la vitendo: kila mwanafunzi, kabla hajamaliza kidato cha pili, afungue anwani yake kwa mkono wake na aandike barua ya kweli kwa mtu wa kweli atakayemjibu. Na ule ushauri wa wataalamu kwamba neno la siri lisiandikwe popote haufai huku. Katika nyumba nyingi za Usukuma kuna sanduku la bati lenye kufuli, ndani yake kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba cha baba, risiti za ng'ombe, kitambulisho cha mpiga kura. Neno la siri lililoandikwa kwa kalamu na kuwekwa mle liko salama kuliko lililo kichwani mwa mtu mwingine.

Lakini mzigo usiachwe kwa mwananchi peke yake. Ikiwa serikali inaweza kumpa mkulima mbolea kwa namba ya simu, inaweza pia kumruhusu mtoto wake arudishe neno la siri kwa namba hiyohiyo, au kwa kwenda na kitambulisho chake kwenye ofisi ya kata. Namba nayo ina matatizo yake, najua. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa Januari 2020, wengi wasio na namba ya NIDA walisajiliwa kwa kidole cha ndugu, na hadi leo wapo wanaotumia laini yenye jina la shemeji. Hata hivyo shemeji yuko hapa kijijini, anaitika akiitwa.

Msimu wa maombi ya mikopo na vyuo hukuta pamba ikiuzwa, na mwenye steshenari hufunga usiku. Kaunta buku yake imejaa hadi jalada la nyuma. Majina yamepangwa kwa mwaka, mengine yamekatwa kwa mstari mmoja baada ya mwenyewe kurudi na kubadilisha neno la siri kwa mkono wake. Yaliyokatwa bado ni machache.